Ua la Usambara kwenye dirisha la bibi

SWALI: Kaka mhariri, habari za kazi. Mie nipo Ujerumani mwaka wa tatu sasa, jirani yangu ni bibi mtu mzima, dirishani kwake ana vikopo vya maua madogo ya zambarau, majani yana manyoya manyoya. Juzi kaniambia yanaitwa Usambaraveilchen, nikashtuka, maana mie kwetu Muheza kabisa! Ni kweli yametoka kwetu au jina tu? Na kama kweli mbona sijawahi kuyaona?
Binti wa Muheza, Bremen

JIBU: Dada yangu, hayo ni ya kwenu kabisa. Afisa mmoja wa Kijerumani pale Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, ndo aliyachuma miaka ya mwanzo ya 1890 akayatuma kwao, na mwaka 1893 mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akayapa jina Saintpaulia, yaani jina la yule afisa, wakati Wasambaa walishapita pembeni yake vizazi na vizazi.

Hujayaona kwa sababu hayaoti njiani wala shambani. Siku ukirudi panda mpaka Amani, kule juu kwenye milima ya Usambara, shuka kijitoni, tafuta mwamba wa kivulini unaochuruzika maji. Utalikuta limejishikiza kwenye ufa, udongo wenyewe haujai hata kiganja, majani yamelala bapa, ukiligusa jani ni kama sikio la paka. Lakini kata mti unaolifunika, jua likipiga pale limekwisha.

Sasa kwanini huko? Milima ya Usambara ni sehemu ya Tao la Mashariki, yaani safu ya milima inayoanzia Taita kule Kenya mpaka Udzungwa, ni milima ya kale sana na upepo wa Bahari ya Hindi unaileta mvua palepale, Amani inapata kama milimita 2,000 kwa mwaka. Nyakati ambazo Afrika ilikauka na misitu ya bondeni ikapotea, huku juu pakabaki mbichi, kila mlima ukawa kama kisiwa na viumbe vyake. Ndo maana kuna hadi chura mdogo ambaye hatagi mayai majini kama wenzie, anazaa vitoto vilivyokamilika!

Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani ilianzishwa 1997, ina hekta zaidi ya 8,000, na kwa kweli inaniuma watu wakisema hizo ni mapori tu, maana mto Zigi unatoka huko huko na jiji la Tanga linakunywa maji yake. Kuna tatizo moja halisemwi sana, mti uitwao Maesopsis eminii, uliletwa na Wajerumani, basi palipokatwa magogo ukaingia, hondohondo wanakula matunda yake wanasambaza mbegu kila upande, na miti ya asili inakosa nafasi. Kilimo cha iliki nacho, miaka ya nyuma watu walifyeka chini ya miti mikubwa wakapanda, ukiangalia kwa mbali unaona msitu upo ila chini miche hakuna.

Muombe bibi jani moja na kikonyo chake, lichomeke kwenye udongo wenye unyevu, usiweke juani, na maji mwagia chini yasiguse majani. Baada ya wiki kadhaa vitoto vitachomoza pembeni ya kikonyo.