Kuwachangia askari wastaafu na familia zao: maswali ya wasomaji wa Tabora

Kila inapokaribia tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, michango kwa ajili ya askari wastaafu, wajane na yatima wao huongezeka mjini Tabora, mji uliokaa na kambi za jeshi kwa miaka mingi kiasi kwamba ni vigumu kutaja mtaa usio na familia ya mwanajeshi. Majibu yafuatayo yanahusu maswali tuliyoulizwa zaidi kuhusu namna ya kuchagua nani apewe mchango huo.

*

*Baada ya swala ya Ijumaa walifika vijana wawili waliovaa sare inayofanana na ya jeshi, wakiwa na daftari na picha za wazee waliokatwa miguu, wakasema wanachangisha kwa ajili ya wapiganaji wa Vita vya Kagera. Nilitoa shilingi elfu kumi. Nitajuaje kama chama chao kipo kweli?*
Mwalimu mstaafu, Isevya

Mwalimu, shikamoo. Sare hiyo peke yake ilitosha kukutia shaka, kwa kuwa raia haruhusiwi kuvaa mavazi ya jeshi wala yanayofanana nayo, na mwezi Agosti 2023 Jeshi la Wananchi lilitoa siku saba kwa wenye mavazi hayo kuyasalimisha. Chama cha wastaafu wa kweli hakina haja ya kuwavalisha vijana magwanda ili kiaminike.

Kuhusu usajili, jambo la kwanza ni kuwauliza wamesajiliwa wapi, kwa sababu milango ni zaidi ya mmoja. Shirika lisilo la kiserikali husajiliwa chini ya sheria ya mwaka 2002 na Msajili aliye katika wizara inayoshughulikia maendeleo ya jamii. Chama cha wanachama husajiliwa na Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Na udhamini husajiliwa na RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Andika namba ya cheti, si jina tu, maana majina ya vyama vya wastaafu hufanana mno na matapeli wanalijua hilo. Kama wanadai ni shirika lisilo la kiserikali, peleka namba hiyo kwa afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri, ambaye ndiye jicho la Msajili katika ngazi ya wilaya, umwombe akuangalizie kama usajili uko hai. Tangu marekebisho ya mwaka 2019 cheti cha shirika hudumu miaka kumi, kisha huhuishwa, kwa hiyo cheti kilichofubaa ukutani si ushahidi wa kutosha.

Hata hivyo, usajili hukuambia tu kwamba shirika lipo. Haukuambii kwamba linafanya kazi. Swali ambalo mimi huliona kuwa na nguvu kuliko yote ni hili: mnamsaidia nani, na nani hamumsaidii? Vita vya Kagera, tangu uvamizi wa mwishoni mwa Oktoba 1978 hadi Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979 na hata baada ya hapo, havikupiganwa na askari wa kudumu peke yao. Mgambo wengi waliitwa, wakapigana, kisha wakarudi kwenye mashamba yao ya karanga na tumbaku bila pensheni ya mwanajeshi. Shirika makini litakuwa limekwisha kukaa na kuamua kama mgambo asiye na kumbukumbu za utumishi anastahili, ni nani anayemthibitisha, na kama mke wa pili wa marehemu anahesabiwa. Anayekujibu kwamba wanasaidia wote bila ubaguzi, kwa kawaida hajawahi kufungua jalada la mtu hata mmoja.

Mwisho, ukitoa kwa simu, soma jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri. Likiwa ni jina la mtu binafsi badala ya la shirika, rudi nyuma. Ujumbe wa kitapeli unaoomba pesa unaweza kuutuma kwenda 15040, namba iliyowekwa na TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, kwa kazi hiyo.

*

*Ni asilimia ngapi ya mchango inapaswa kuwafikia walengwa?*
Mhasibu, Nzega

Hakuna namba moja ya haki kwa mashirika yote, na ninamwogopa zaidi anayeapa kwamba kila shilingi inamfikia mlengwa kuliko anayekiri kwamba analipa mlinzi na mafuta ya pikipiki. Kumfuata mzee kijijini Kaliua wakati wa masika kuna gharama, na gharama hiyo lazima iandikwe mahali.

Kinachotisha ni pale uwiano unapogeuka juu chini. Mwaka 2018 Tume ya Biashara ya Marekani ilieleza kwamba shirika lililoitwa Help the Vets lilikuwa likitumia asilimia 95 ya michango kwa uchangishaji, utawala na malipo ya kiongozi wake. Kwa upande mwingine, hesabu nzuri kwenye karatasi si kinga. Katika nchi hiyohiyo, mtu aliyejiita Bobby Thompson aliendesha chama bandia cha askari wastaafu wa jeshi la majini kilichokusanya takriban dola milioni 100 katika majimbo 41, kikiwa na orodha ndefu ya viongozi ambao hawakuwapo duniani. Alifungwa mwaka 2013. Wewe ni mhasibu, unajua kuomba hesabu zilizokaguliwa, ambazo mashirika yasiyo ya kiserikali hapa nchini yanatakiwa kuziwasilisha kila mwaka. Ongeza hatua moja ambayo wahasibu huisahau: omba kukutana na wajumbe wawili wa bodi, ana kwa ana.

*

*Mume wangu alifariki miaka miwili baada ya kustaafu jeshini. Amekuja mtu wa taasisi inayosaidia familia za wanajeshi, anasema atafuatilia mafao yetu kwa asilimia kumi, na anataka vyeti vyote halisi. Nimpe?*
Mjane, Ipuli

Pole sana mama kwa msiba. Usimpe vyeti halisi, na usitie saini karatasi yoyote ya asilimia.

Mafao ya mwanajeshi si sadaka, na taasisi ya hisani inayokata sehemu ya haki ya mjane imeacha kuwa ya hisani siku hiyohiyo. Njia unayotakiwa kuipita inachosha, lakini haina siri: cheti cha kifo, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, muhtasari wa kikao cha ukoo uliomteua msimamizi wa mirathi, kisha barua ya usimamizi kutoka mahakamani. Pale penye ugumu mara nyingi ni kwenye muhtasari. Shemeji mmoja anakataa kusaini, au jina la marehemu kwenye cheti cha ndoa linatofautiana kwa herufi moja na lile la jeshini, na jalada zima linakaa. Tatizo la jina hutatuliwa kwa kiapo. Tatizo la shemeji huhitaji msaidizi wa kisheria, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imeweka utaratibu wa kuwahudumia bure wasio na uwezo. Ofisi ya halmashauri itakuelekeza kwa walio karibu nawe.

Taasisi njema ingekulipia nauli na kurudufu karatasi, ikakaa nawe kwenye benchi la mahakama, na isikudai kitu. Hali ni hiyohiyo kwa familia za askari waliofia katika ulinzi wa amani, kama wale walioshambuliwa Semuliki, Kivu Kaskazini, nchini Kongo, tarehe 7 Desemba 2017: fidia ya Umoja wa Mataifa hupitia serikali ya nchi ya askari, na hakuna dalali anayehitajika katikati.

*

*Babu yetu alikuwa askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Mwingereza Afrika Mashariki) na alipigana Burma katika Vita vya Pili vya Dunia. Bibi bado yu hai. Kuna anayewakumbuka hao?*
Mjukuu, Urambo

Yupo. Jumuiya ya Kifalme ya askari wa zamani wa nchi za Jumuiya ya Madola, iliyoanzishwa Cape Town mwaka 1921, huwasaidia waliotumikia majeshi ya Mwingereza kabla ya uhuru pamoja na wajane wao, na hapa nchini kazi hiyo hupitia chama cha Tanzania Legion and Clubs. Tafuteni namba ya utumishi ya babu. Medali za Mwingereza za Vita vya Pili vya Dunia kwa kawaida hazikuchorwa namba, kwa hiyo kama karatasi zake za jeshi ziko sandukuni, zisomeni kabla ya kuandika barua.

*

*Mwanangu anaishi Marekani, anapigiwa simu jioni akiombwa kuchangia askari waliojeruhiwa. Namshauri nini?*
Mzazi, Cheyo

Asitoe kwa aliyempigia. Akate simu, atafute shirika hilo mwenyewe, asome taarifa ambayo mashirika ya huko huwasilisha kwa mamlaka ya kodi na ambayo iko wazi kwa umma, kisha achange moja kwa moja. Simu za namna hiyo mara nyingi hupigwa na kampuni za kukodiwa zinazobakiza sehemu kubwa ya mchango.

*

*Kikundi chetu cha akina mama kanisani kimekusanya shilingi laki sita. Tupeleke kwa shirika la kitaifa au tuzisaidie familia tatu za askari tunazozijua mtaani?*
Katibu wa kikundi, Ng'ambo

Kwa kiasi hicho, mimi ningezipa familia tatu. Shirika la kitaifa lina faida pale penye kazi inayozidi uwezo wa mtaa, kama vile kiungo bandia, matibabu ya muda mrefu ya akili kwa aliyerudi na jinamizi la vita, au kesi ya mirathi iliyofika mbali. Kwa mahitaji ya nyumbani, ninyi mnaona ambacho ofisi ya Dodoma haiwezi kuona.

Lakini ulizeni hitaji lenyewe kabla ya kulipa. Ada ya shule za serikali imeondolewa hadi kidato cha sita tangu mwaka 2022, kwa hiyo familia inayoomba ada ya shule ya kata huenda ina deni jingine inaloona aibu kulitaja. Sare, bweni na nauli ni mahitaji halali na yasemwe kwa majina yake. Lipeni muuza duka au shule moja kwa moja inapowezekana, chukueni risiti, watu wawili watie saini kwenye daftari la kikundi, na picha za kukabidhi msizitume kwenye makundi ya WhatsApp bila idhini ya wenyewe, hasa zile zenye sura za watoto.