Mashine imesema 1.95, sawa, jeli yake iko wapi?

Hii naiandika kwa wewe unayeanza kazi za DNA na protini, umeonyeshwa spektrofotometa, ile mashine inayopima mwanga unaomezwa na sampuli, mara moja tu halafu ukaachwa na Mungu wako.

Naanza na aibu yangu. Nilitoa plasmidi, ile DNA ndogo ya duara, kwenye bakteria, nikaweka tone kwenye mashine, ikasoma nanogramu 410 kwa kila maikrolita na uwiano wa mwanga uliomezwa kwenye nanomita 260 kwa ule wa 280 ukawa 1.95, nikafurahi kama nimeokota pesa. Wiki nzima baada ya hapo kila nikiikata na kimeng'enya na kupeleka hatua inayofuata hakuna kitu, nikalaumu kimeng'enya, nikalaumu bafa, nilibakiza kulaumu umeme tu. Dada mmoja fundi wa maabara, mtu wa maneno machache, akaniuliza "jeli yake iko wapi, mdogo wangu?" Nikamjibu sijapiga jeli dada, si mashine imeshasema iko safi. Akanitazama tu, akarudi kwenye kazi yake.

Jioni nikaipitisha kwenye jeli ya agarosi ya asilimia 1, ile inayotenganisha DNA kwa ukubwa kwa kutumia umeme. Bendi ya plasmidi ilikuwa nyembamba kama uzi, ila kule chini kabisa kumejaa wingu zito linang'aa hadi linaumiza macho. RNA hiyo. Sehemu kubwa ya ile 410 niliyoishangilia ilikuwa RNA, DNA yenyewe ya kuombea.

Sasa shida ni hii, mashine haijui majina. Inapitisha mwanga wa UV na kupima kiasi gani kimemezwa, na kwenye nanomita 260 DNA inameza, RNA inameza, hata nyukleotidi moja moja zilizokatika zinameza. Ukichagua "DNA nyuzi mbili" inachukua usomaji wa 1 kuwa ni maikrogramu 50 kwa mililita, ukichagua RNA inachukua 40, DNA ya uzi mmoja 33, basi, imeamini ulichoiambia wewe. Na ule uwiano tunaofundishwa, 1.8 kwa DNA safi na 2.0 kwa RNA, wengi tunauogopa ukishuka tu kwa sababu tumeambiwa protini inameza kwenye 280 na kuuvuta chini. Ukipanda tunashangilia! Ile 1.95 yangu ilikuwa inanipigia kelele kwamba kuna RNA humo, mimi nikasikia makofi.

Halafu nikafanya kosa la pili juu ya la kwanza. Nikaweka RNase, kimeng'enya cha kukata RNA, nikasubiri, nikapima tena palepale, bado ni zaidi ya 400. Nikadhani RNase imekufa. Kumbe RNase inaikatakata RNA vipande vidogo lakini haivitoi kwenye tyubu, na vile vipande vinaendelea kumeza mwanga kama kawaida, hata wakati mwingine zaidi kidogo kuliko mwanzo. Jeli ndiyo iliyonionyesha kwamba lile wingu limeondoka, na nilipozamisha DNA kwa ethanoli, nikamwaga maji ya juu na kuiyeyusha upya ndipo mashine ikasema ukweli, 68. Kutoka 410 hadi 68, asee. Kwahiyo ukitumia RNase safisha kwanza ndio upime.

Tangu siku hiyo namba bila picha siipokei, na picha bila namba pia, maana jeli nayo ina yake. Jeli inakwambia ni nini, kina ukubwa gani, kimekatika au kizima, lakini kiasi unakisia tu kwa kulinganisha mng'ao na leda, zile DNA za ukubwa unaojulikana, na chumvi au fenoli iliyobaki haikuonyeshi kabisa. Hapo unarudi kwenye mashine unaangalia uwiano wa 260 kwa 230, ikiwa chini sana ya 2 jua kuna kitu umekibeba kutoka kwenye hatua za kusafisha, mara nyingi guanidini, chumvi ya kwenye kiti za kusafishia. Usisome namba peke yake, angalia na mchoro. DNA nzuri ina kilima kimoja kwenye 260 na bonde karibu na 230, ukiona kilima kimesogea kuelekea 270 mara nyingi hiyo ni fenoli hata kama namba zinapendeza.

Blanki, kile kimiminika unachopima kwanza ili mashine ianzie sifuri, nayo watu wanaidharau. Kama DNA yako iko kwenye TE, bafa ya Tris na EDTA, blanki ni TE hiyohiyo, sio maji, kwa sababu EDTA iliyomo inameza kwenye 230 na utajikuta unasafisha sampuli ambayo haina shida. Na wanaotumia mashine za kyuveti, vile vikopo vidogo vya kuwekea sampuli, zile za plastiki ya kawaida zinameza UV zenyewe, nimeona mtu kapima sampuli kumi zote zinasoma juu na zinafanana kama mapacha, alikuwa anapima plastiki. Kwa 260 na 280 tumia ya kwatzi au plastiki maalum ya UV. Usomaji ukipita 2 maana yake ni asilimia 1 tu ya mwanga ndiyo inafika upande wa pili, hapo punguza makali ya sampuli upime upya.

Kwenye jeli yenyewe, DNA ina chaji hasi kwa sababu ya zile fosfeti kwahiyo inakimbilia waya nyekundu, upande chanya. Kila mtu anajua na kila mtu ameshageuza waya walau mara moja, mimi mara mbili, DNA ikarudi nyuma ikatokea nje ya vishimo ikapotea kwenye bafa. Washa, subiri dakika tano, hakikisha rangi inaelekea upande sahihi ndio uende kunywa chai. Kosa lingine la kimyakimya ni kuyeyusha agarosi kwenye maji badala ya bafa, jeli inaganda vizuri tu, ila bendi zinatoka za ajabu. Volti 5 kwa kila sentimita kati ya elektrodi zinatosha, ukiharakisha jeli inapata moto na bendi zinatabasamu, yaani zinapinda. Na plasmidi ambayo hujaikata ikitoa bendi mbili tatu usitupe, ile iliyojisokota inakimbia mbele na iliyochanika uzi mmoja inabaki nyuma, ni DNA ileile. Ethidiamu bromidi, ile rangi inayofanya DNA ing'ae, inajipenyeza katikati ya ngazi za DNA, na yako pia ina ngazi hizohizo, kwahiyo glovu hadi mwisho, na usishike simu nazo.

Protini ni hadithi ileile kwa sura nyingine. Usomaji wa 280 unategemea hasa triptofani na tairosini, sasa protini yako ikiwa haina triptofani wala tairosini hata moja itaonekana kama haipo wakati tyubu imejaa, na DNA ikibaki humo itapandisha namba bila haki. Mimi napendelea Bradford, ile rangi ya bluu inayosomwa kwenye 595, na mstari wa kulinganishia wa BSA, protini ya damu ya ng'ombe ya kiasi kinachojulikana, niupime siku hiyohiyo, sio wa mwezi jana. Ila Bradford haipatani na SDS nyingi, ile sabuni iliyomo kwenye bafa ya kupakilia protini, kwahiyo pima kiasi kabla hujachanganya na bafa ya kupakilia, ukishachanganya umechelewa.

Kisha SDS-PAGE, jeli ya protini inayotengenezwa kwa akrilamidi. Protini hazina chaji moja kama DNA, ndio maana tunazifunika na SDS zote ziwe hasi na kuzichemsha kwenye nyuzijoto 95 kwa dakika tano zikunjuke, hapo zinatengana kwa ukubwa. Akrilamidi kabla haijaganda ni sumu ya neva, tafadhali usiimiminie kwa mikono mitupu eti una haraka. Pakia kiasi sawa cha protini kila kishimo, maikrogramu 20 za lizeti nzima, yaani seli zilizopasuliwa, huwa zinatosha, maana ukikadiria kwa macho halafu bendi moja ikawa nene huwezi kujua kama seli imetengeneza zaidi au ni wewe umemimina zaidi. Na ukizipaka Coomassie, rangi ya bluu ya kuonyesha protini, usiishie kwenye bendi unayoitafuta, angalia mstari mzima, zile bendi nyingine zote nazo zilihesabiwa kwenye namba yako ya Bradford.