Saa inaanza kuhesabiwa wapi? Kwa wanaoanza somo la ukuaji wa viinitete

Mara yangu ya kwanza kuandaa mazoezi ya embriolojia, nilinunua trei nzima ya mayai dukani hapa Nairobi, nikayapanga kwenye mashine ya kuangulia, nikangoja. Siku tatu baadaye wanafunzi wakaja na makoti yao meupe. Nikapasua la kwanza: ute, kiini cha manjano, basi. La pili vivyo hivyo. Tulipofika la saba, msichana mmoja akaniuliza kwa upole, "Kwani mwalimu, hao kuku walikuwa na jogoo?"

Hawakuwa naye. Mayai mengi ya dukani, na trei nyingi zinazotoka soko la Wangige, ni ya kuku wa gredi wanaofugwa bila dume. Ukitaka kiinitete, yaani kifaranga anayeanza kuumbika ndani ya yai, tafuta mtu mwenye kienyeji na jogoo umwone kwa macho yako. Mimi nina mama mmoja Kawangware ananiwekea. Nikimpigia, swali lake la kwanza huwa, "Ya kula ama ya shule?"

Nimeanza na aibu hiyo kwa sababu somo hili lote ni hesabu ya wakati, na wageni wengi hukosea mahali pa kuanzia kuhesabu. Wanadhani kifaranga anaanza unapowasha mashine. Yai hurutubishwa juu kabisa kwenye mrija wa mayai, kabla ganda halijajengwa. Huchukua kama siku nzima kushuka, na seli zinagawanyika njiani. Linapotagwa, ile diski ndogo nyeupe juu ya kiini tayari ina makumi ya maelfu ya seli. Baridi ndiyo husimamisha kazi: chini ya nyuzi 20 hivi, kiinitete hulala. Julai ya Nairobi hainisumbui, rafu ya maabara yatosha. Lakini mchana wa Februari, karibu na dirisha lenye jua, yai linaweza kuanza safari nusunusu na kufa kabla hujaligusa. Kwa hiyo andika kwenye ganda tarehe ya kutagwa na saa ya kuingia mashine. Tumia penseli, maana ganda lina vitundu na wino hupenya.

Mashine iwe nyuzi 37.5 hadi 38, na maji yasikauke kwenye sinia. Stima ikipotea, usifungue mlango kila dakika kuchungulia. Joto lililo ndani ndilo akiba yako.

Kufungua yai la saa 72 kunahitaji mkono mtulivu kuliko akili nyingi. Lilaze ubavu kwa muda ili kiinitete kielee juu. Toboa upande butu, vuta mililita mbili au tatu za ute kwa sindano, na kiini kitashuka kidogo, mbali na ganda. Bandika selotepu juu, kisha kata dirisha kwa mkasi mdogo uliopinda. Ukiharakisha utakata mishipa na utaona damu tu. Ukienda polepole utaona wavu mwekundu umetandazwa juu ya manjano, na katikati yake kitu kidogo kinachorukaruka. Huo ni moyo, na umekuwa ukidunda tangu saa ya 33 hadi 36 hivi. Bado hauna vyumba vinne vya kwenye mchoro wa kitabu. Ni mrija uliojikunja. Aristotle alifungua mayai siku baada ya siku, akaandika kuhusu hicho kitone cha damu kinachoruka, bila hadubini yoyote. Huna kisingizio cha kutochora.

Kisha tazama mgongoni. Kuna vijitofali viwili viwili kando ya uti, ambavyo tunaviita somaiti. Jozi mpya hutokea kila dakika 90 hivi. Zihesabu kwenye yai la siku mbili, na utajua umri wa kiinitete vizuri kuliko penseli yako. Ndiyo maana wanabiolojia Hamburger na Hamilton, mwaka 1951, waligawa siku 21 za kifaranga katika hatua 46 kwa kufuata umbo. Mayai mawili yaliyoingia mashine pamoja hayaendi sawasawa, na saa ya ukutani haikwambii hilo.

Shemeji yangu alinijia na kitabu chake cha kliniki akiwa amekasirika. Nesi alimwambia ana wiki nane, yeye ana hakika ni sita. Wote walikuwa sahihi. Kliniki huhesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, wiki 40. Embriolojia huhesabu tangu kutungwa mimba, wiki 38. Usipoliweka hilo kichwani, kila tarehe utakayokariri itakuwa imepinda kwa wiki mbili. Na wiki mbili hapo mwanzo ni nyingi mno: mrija unaokuwa ubongo na uti wa mgongo hufunga kabla ya siku ya 28 tangu mimba kutungwa, wakati mama wengi bado wanadhani hedhi imechelewa tu. Ndiyo sababu asidi ya foliki hushauriwa kabla ya mimba, na ndiyo sababu huongezwa kwenye unga wa pakiti tunaosongea ugali.

Ukishazoea kuku, soma kuhusu mbung'o, ambaye watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kule Kasarani, wamemchunguza miaka mingi. Jike hatagi. Hubeba buu mmoja tumboni, humnyonyesha humo humo kwa tezi za maziwa, kisha humwangusha akiwa ameshiba kabisa. Buu hujifukia udongoni, na baada ya saa chache tu ni pupa. Halafu niambie alizaliwa lini.

Mayai ya wiki hii yameingia mashine Ijumaa saa nne asubuhi. Tunafungua Jumatatu saa nne. Lete penseli mbili. Ukifika saa tano unusu, utakuta jozi moja zaidi ya somaiti, na nafasi yako kwenye hadubini imechukuliwa.