Kabla ya kumpeleka mtu kutolewa mbegu za kiume kwa upasuaji

Wewe uliyepangiwa maabara au kliniki ya uzazi, iwe Unguja au Chake Chake, usiandike "hakuna mbegu" kwa kutazama tone moja. Zungusha shahawa yote kwa nguvu ya 3,000 g, dakika 15, kisha yachunguze mashapo kwa darubini. Hiyo g ni nguvu ya mashine ikilinganishwa na mvutano wa dunia, si mizunguko kwa dakika, wengi huchanganya. Mbegu chache hai zikionekana humo, pengine kisu hakitahitajika. Rudia kwa sampuli ya siku nyengine.

Sampuli yenyewe ndiyo hutupotosha zaidi. Mume ajizuie kutoa shahawa siku 2 hadi 7, na kichupa kifike ndani ya saa moja, kikiwekwa karibu na mwili, si kwenye barafu. Wapo wanaoona haramu kujichua, wakachomoa katikati ya tendo na kukinga. Hapo sehemu ya mwanzo, yenye mbegu nyingi kuliko zote, hupotea. Mpe kondomu maalumu ya kukusanyia. Za kawaida hudhuru mbegu. Ramadhani usimpangie mchana.

Kisha tafuta sababu. Shahawa ikiwa chini ya mililita 1.4 na pH, yaani kipimo cha uchachu, chini ya 7.2, shuku njia imeziba. Papasa juu ya korodani: mrija wa mbegu ni mgumu kama uzi wa mshipi. Ukiukosa pande zote mbili, huenda hakuzaliwa nao. Muulize operesheni ya ngiri ya utotoni au ya busha, maana mrija huweza kukatwa bila kujulikana. Muulize pia sindano za testosteroni za kujenga misuli: huzima utengenezaji wa mbegu, na akiziacha mara nyingi hurudi baada ya miezi. Kumpasua huyo ni kumdhulumu.

Palipoziba, sindano kwenye epididimisi (kifuko cha mirija nyuma ya korodani kinachohifadhi mbegu) au korodani kwa kawaida huzipata mbegu. Korodani ndogo na FSH (homoni ya ubongo inayochochea korodani) ya juu ni jambo zito: korodani hufunguliwa, daktari akatafuta kwa darubini vijirija vinene vyeupe, na takriban nusu ya wagonjwa hutoka mikono mitupu. Kwanza apimwe kromosomu Y, inayobeba jeni za kiume. Ikikosa kipande chote cha AZFa au AZFb, sehemu zake zinazohitajika kutengeneza mbegu, usimpeleke.

Mke naye apimwe mayai kabla ya tarehe kupangwa. Mbegu za korodani hazimpi mimba bila kudungwa ndani ya yai maabara, na gharama hiyo waijue mapema, kabla hawajauza mikarafuu.