Uji mwepesi siyo chakula cha mzee

Usithubutu, dada! Umeandika kwamba bibi mmoja hapo kwenye makao ya wazee Malindi ameshuka kutoka kilo 52 hadi 48 ndani ya mwezi, meno hana, na kuanzia kesho mnamwanzishia uji mwepesi kutwa mara tatu. Kosa hilo nimelifanya mimi, na limenigharimu. Usilirudie.

Piga hesabu. Kilo 4 kwa 52 ni karibu asilimia 8. Ikishapita asilimia 5 kwa mwezi ni hatari, si "uzee". Bibi wa kilo 48 anayepungua hivyo anataka protini gramu 58 hivi kwa siku (gramu 1.2 kwa kila kilo ya uzito) na kalori kama 1,400. Vikombe vitatu vya uji wa maji, vijiko vikubwa viwili vya unga kila kimoja, vinampa protini kama gramu 5, na hata ukitia sukari kalori hazifiki 400. Mnamlisha njaa kwa kijiko! Na akiwa anameza kwa shida, uji wa majimaji humkimbilia kooni kabla hajawa tayari, ukaingia njia ya hewa.

Waliotufundisha "mzee ni kama mtoto mchanga, mpe vyepesi" wametuponza. Sindano na vidonda tulifundishwa sana, bakuli likaachiwa mpishi.

Shika hili: lisiingie bakuli chumbani kwake bila yai, maziwa, samaki au kunde.

Uji upike kwa maziwa, mililita 250, na vijiko vikubwa vitatu vya unga. Ukiiva, tia kijiko kikubwa cha siagi ya karanga, kisha yai lililopigwa ulimimine taratibu huku unakoroga, dakika tano zaidi motoni. Hapo unapata gramu 20 hivi za protini. Inua mwiko: ukitiririka bado, ukidondoka mapande mpe. Akishiba upesi, nusu iende kwenye friji, ichemshwe tena baadaye. Mchana, nguru wa kuchemsha: papasa mnofu kwa vidole hadi miiba iishe, uponde na viazi na tui zito.

Aketi wima, na abaki hivyo nusu saa. Akikohoa, au sauti ikawa kama ina maji, acha kumlisha, aitwe daktari. Mwenye figo mbovu, au aliyekaa siku tano bila kula, daktari ndiye aseme kiasi.

Mpime kila Jumatatu, mizani ileile, kabla ya chai. Miguu ikivimba usiamini kilo, maji hayo. Zungushia utepe mkono wa juu, katikati ya bega na kiwiko: chini ya sentimita 23.5 yaelekea amekonda.