La Jolla haisomwi "La Jola"

Ndugu yangu, umesema ulitamka La Jolla, mtaa wa San Diego, California, wenye jina la Kihispania, kama "La Jola" wenzako wakacheka, na sasa hujui ufuate Wahispania au Wamarekani. Hapo wote wanasema "La Hoya". J ya Kihispania ni kama kh ya Khamisi, ingawa Wamarekani huilainisha ikawa h tu. Ll ni y. Herufi h ya Kihispania yenyewe haitamkwi.

Irabu zisikusumbue, a e i o u za Kihispania ni zilezile zetu. Kinachokuponza ni kuzisoma Kiingereza. Mkazo nao mara nyingi huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kama kwetu, ila alama kama ya San José huuvuta mwisho.

Lakini ukiwa Marekani, fuata wenyeji. Vallejo ya California wanaiita "Valeho": j wameiheshimu, ll wameipuuza! Amarillo ya Texas ni "Amarilo", San Pedro ya Los Angeles ni "San Pidro", na Buena Vista ya Colorado, usishangae, ni "Byuna Vista". Ukivuka kwenda Meksiko, rudi kwenye Kihispania chenyewe: Oaxaca ni "Wahaka".