Picha chafu kwenye simu ya mama

SWALI: Mwanangu wa miaka 9 hutazama katuni kwenye simu yangu, na juzi nilimkuta ameduwaa mbele ya picha ya utupu iliyoingia kupitia kundi la WhatsApp. Nifanye nini? — Mama, Tanga

JIBU: Pole sana, mama. Usimpige wala kumfokea, kwa sababu mtoto anayeadhibiwa kwa kitu ambacho hakukitafuta ataficha kingine atakapokutana nacho. Mwambie kwa upole kwamba hana kosa, na akiona tena jambo kama hilo akuletee simu papo hapo. Kisha fungua mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya hifadhi na data, uzuie picha na video kujipakua zenyewe, na kundi lile, kwa maoni yangu, ujitoe. Simu nyingi za Android pia huruhusu kubandika programu moja kwenye skrini, hata mtoto asiweze kutoka kwenye katuni bila namba yako ya siri. Azitazame sebuleni, kamwe si chumbani peke yake. Iwapo kuna mtu mzima anayemtumia picha hizo kwa makusudi, au anayemwomba zake, usifute ujumbe wowote: piga simu ya bure namba 116, inayohudumia watoto, kisha uende polisi.